Kura Sita za Sinia Langu

Rehema mwanangu,

Assalaam alaykum. Nilianza kuandika kwamba sisi hapa hatujambo, kama tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, halafu nikakumbuka kwamba kuanzia kesho hapa hakutakuwa na sisi. Basi naandika kwamba mimi sijambo. Umekwenda kuwaaga rafiki zako, nami nimeifunika cherehani mapema ili niimalize barua hii kabla hujarudi.

Mambo ya basi, ya blanketi, ya kufunga chumba na kutotoa simu ovyo barabarani sitayaandika. Umekulia mtaa huu wa Bertrams, unayajua kuliko mimi. Nitajaribu kuandika sentensi fupi, maana najua Kiswahili unakisoma polepole. Mama yako alikufundisha kusoma kwa maboksi ya majani ya chai aliyokuwa akitumiwa kutoka Tanga. Ulikuwa ukisimama jikoni, unasoma upande mmoja, unageuza boksi, unasoma upande wa pili, na yeye anakoroga chungu bila kugeuka na kusema, "Rudia hapo, hujatamka vizuri." Hakuwa anatazama, lakini alijua.

Tangu tumzike, miezi minane sasa, watu huniuliza kama nimelia. Sijalia. Wiki iliyopita nilishona mfuko wa suruali ya mteja nikauziba kabisa, na sikuona mpaka mwenyewe aliporudi kunionyesha kwamba mkono hauingii. Alicheka. Mimi nikaufumua, nikaushona upya. Hivyo ndivyo nilivyo. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa kulemewa. Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyonieleza mezani wiki mbili zilizopita.

Nilikuuliza huko Durban unakwenda kusomea nini hasa. Ukasukuma sahani, ukachukua vijiko. Ulisema, nami naandika kama nilivyoelewa, kwamba ziko nchi ambako jimbo moja halitoi mbunge mmoja bali hutoa watatu au wanne, na kila mpiga kura ana kura moja tu. Chama kikisimamisha wagombea wengi, kura zake zinatawanyika na wote wanaanguka. Kikisimamisha wachache, kinaacha kiti ambacho kingekuwa chake. Na hata kikipata idadi sahihi, kazi haijaisha, kwa sababu lazima kura zigawanywe sawasawa. Ukasema wengine hugawa kwa mwezi wa kuzaliwa: waliozaliwa miezi ya mwanzo wampigie huyu, wa katikati wampigie yule. Ukavipanga vijiko vitatu.

"Na unajua nani huanguka, Baba?" ukaniuliza.

"Asiyejulikana," nikasema.

"Hapana. Huanguka anayependwa. Kila mtu anasema huyu ameshapita, ngoja nimsaidie mwingine. Wakifanya hivyo wengi, eish, ameisha."

Nikainuka kuchemsha maji ya chai. Birika lilikuwa limeshachemka.

"Baba, uko sharp?"

"Niko sharp."

Sikuwa sharp, sikuwa sawa hata kidogo. Ulikuwa umenieleza jambo nililolifanya mwenyewe, katika ukumbi wa kukodi pale Troyeville, ulipokuwa na miaka kumi na miwili.

Chama chetu cha kuzikana unakijua. Unajua pia kwamba kilikuwa chama kimoja kwa jina tu. Kulikuwa na sisi wa Bertrams na Troyeville, na kulikuwa na wenzetu wa Malvern, wenye maduka yao Jules Street. Kila upande ulikuwa na viongozi wake, vikao vyake na wagombea wake. Pande hizo hazikuitwa vyama vya siasa, lakini mimi sioni tofauti. Kamati ilikuwa na viti vinne, na kila mwanachama aliandika jina moja kwenye karatasi.

Mwaka ule mama yako aligombea. Unakumbuka kwamba aligombea, lakini sijui kama unakumbuka kwa nini. Wakati ule mwanamke aliandikwa chini ya jina la mumewe. Mume akifa au akimwacha, mke hayumo tena kwenye daftari la chama, na siku yake ikifika anachangiwa kama mgeni. Mama yako alikuwa ameshaona mmoja akizikwa hivyo. Alitaka kila mwanamke aandikwe kwa jina lake. Hakutaka kitu kingine chochote katika kamati ile.

Upande wetu ulisimamisha watatu: mama yako, Bi Zuhura na Mzee Maganga. Tuliwahesabu watu wetu nyumba kwa nyumba. Tulikuwa hamsini na wanne. Wale wa Malvern tulikisia thelathini na wachache, na wao wamesimamisha wawili. Ukigawa hamsini na nne kwa watatu, kila mmoja anapata kumi na nane, na hiyo ilitosha kuwapitisha wote watatu, lakini kwa unywele. Haikuwa na nafasi ya kukosea.

Hao wa kwenye vitabu vyako hutumia mwezi wa kuzaliwa. Sisi wengi wetu hatukuwa na uhakika wa mwezi tuliozaliwa. Tulitumia masinia. Kwenye mkutano mkuu watu hula kwanza ndipo wapige kura, na sinia moja la pilau hukaliwa na watu sita. Watu wetu hamsini na wanne ni masinia tisa, kila mgombea masinia matatu. Mimi ndiye niliyepanga. Nilijivunia mpango ule kuliko suti yoyote niliyowahi kushona. Mzee Maganga, yule Mnyamwezi, aliposikia alinicheka mbele ya watu.

"Mzaramo leo anagawa kura kwa ubwabwa!" alisema. "Nimeishi nikaona! Mimi nipe sinia lenye nyama nyingi, wapiga kura wangu wasisinzie."

"Wewe nitakupa ukoko," nikamwambia. "Nyie mmezoea."

"Ukoko nipe, lakini uwe na kura."

Nilikubaliana na Zuhura kwamba wanaume nitawaambia mimi, na wanawake, waliokula chumba cha pili, atawaambia yeye. Mama yako hakuomba kura kwa mtu. Alikuwa jikoni tangu alfajiri, ndiye mpishi wa siku ile, amevaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi mweusi wa cherehani yangu. Mgawo wake ulikuwa masinia mawili ya wanawake na moja la wanaume. Hilo la wanaume lilikuwa langu mimi, na mimi mmoja wa wale sita.

Ilipofika saa ya kula, sinia moja la Zuhura halikuwa na watu. Walikuwa ndugu sita wanaotoka Pretoria, na gari lao lilikuwa limeharibika njiani. Simu zao hazikupatikana. Nilisimama kati ya mikeka na bakuli la mchuzi mkononi, nikapiga hesabu: Zuhura amebaki na kumi na wawili, ataanguka. Mama yako ana kumi na wanane, na zaidi ya hapo anapendwa. Nilikuwa nawasikia hata wale wa Malvern wakilamba vidole na kusema, "Huyu Bi Salma ana mkono." Nikajiambia hawa nao watamwandika. Nikajiambia mtu aliyelisha ukumbi mzima hawezi kukosa kura sita.

Nikaketi kwenye sinia langu, nikasema kwa sauti ya chini, "Jamani, sinia hili leo ni la Zuhura."

Mmoja akaniuliza, "Na mama watoto?"

"Mama watoto yuko salama," nikasema.

Wakadhani nimekubaliana naye, na hawakuuliza tena. Kalamu moja ikazunguka sinia. Iliponifikia mimi nikaandika Zuhura.  Sitaki nikupambie. Niliandika jina lile kama ninavyoandika kipimo cha kiuno cha mteja.

Karatasi zilikuwa zimeshakunjwa waliposhuka wale wa Pretoria, wanatoka jasho, wanaomba radhi. Wakawekewa pilau lao, wakala, wakaandika kama walivyoambiwa siku nyingi kwa simu. Wakaandika Zuhura.

Zuhura alipata ishirini na nne, Maganga kumi na nane, wale wawili wa Malvern kumi na saba kila mmoja. Mama yako kumi na mbili. Kwa hao wa Malvern hakupata hata moja. Walikuwa na mgawo wao, nao waliufuata. Nilijifunza siku ile kwamba watu hula kwa mwenye mkono mzuri na huandika jina waliloagizwa, na wala si wabaya kwa hilo.

Mama yako alisikia matokeo akiwa mlangoni mwa jikoni. Akarudi ndani kuosha masinia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kosa la hesabu ningeweza kulisema usiku uleule, na mama yako angenikasirikia siku tatu, labda wiki. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, kwenye robot, zile taa za kuongozea magari karibu na nyumbani, taa ilikuwa nyekundu na hakukuwa na gari. Hakuvuka. Akaniuliza, "Sinia lako lilinipa?"

Nikasema, "Lilikupa."

 Nilimwona anahesabu. Kama sinia langu lilimpa sita, basi katika wale wanawake kumi na wawili ni sita tu waliomwandika. Sita wamekosekana kwake, na kwa Zuhura wamezidi sita. Hesabu ilikuwa nyepesi, na mimi ndiye niliyempa tarakimu ya uongo.

"Basi ni wanawake," akasema. "Ni Zuhura."

Taa ikawa kijani tukavuka.

Mama yako na Zuhura walikuwa wakisukana nywele kila Jumapili kwenye ngazi zetu. Jumapili iliyofuata hawakusukana, wala hawakusukana tena. Hawakugombana. Mama yako hakuwa mtu wa kugombana. Alimwitikia salamu, akamwita Bi Zuhura badala ya Zuu. Na wewe ulikuwa mtoto, unasikiliza maongezi yetu ukiwa pembeni, ukakua na neno lile kwamba Zuhura alimnyima mama yako kura.

Kanuni ya majina ya wanawake ilipita mwaka wa pili. Zuhura ndiye aliyeisimamia kwenye kamati, na siku ilipopitishwa alisema mbele ya watu kwamba jambo lile ni la Salma. Watu wakapiga makofi. Mama yako alikuwa mstari wa nyuma, mikono yake juu ya mkoba. Hakupiga makofi, hakuinuka. Mimi nilikuwa kando yake nikaona. Neno langu moja ndilo lililomnyima furaha ile, na nilikuwa nalo mdomoni, na sikulisema. Kila mwaka lilizidi kuwa gumu, kwa sababu sasa nilipaswa kueleza kura na pia kueleza kunyamaza.

Halafu alikufa. Presha, asubuhi, kabla hajafunga kilemba. Zuhura akaja kumwosha, maana yeye ndiye mwosha wanawake wa chama. Unalikumbuka hili kuliko mimi. Alikuwa na mkoba wenye pamba na karafuu maiti. Ukasimama mlangoni ukamwambia, "Anti, wewe hapana." Hukupaza sauti. Zuhura hakubisha. Aliuweka mkoba chini ili yule mama aliyeletwa kutoka Mayfair autumie, akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, mpaka jeneza lilipotoka.

Nilikuwa hatua nne nyuma yako. Ningeweza kusema, "Rehema, mpishe." Maneno mawili. Nilikuwa nimeshika kikombe cha mtu, nikaendelea kukishika.

Mwezi uliopita, Zuhura aliposikia umepata nafasi Durban, ambako anaishi sasa na mwanawe, alipiga simu kusema chumba kipo. Nilikufikishia. Ukanijibu, "Afadhali nilale kituo cha basi, Baba. Huyo alimla Mama kura zake, chumba cha nini?" Nikasema haya. Haya ni neno zuri kwa mtu kama mimi.

Hiki ndicho usichokijua. Kura kumi na mbili za mama yako zote zilitoka kwa wanawake. Zote. Zuhura aliambiwa ampe masinia mawili, akampa masinia mawili bila kupungua mtu. Naye mwenyewe alikula kwenye mojawapo ya yale mawili. Maana yake Zuhura, aliyekuwa anagombea, alimwandika mama yako. Mimi mumewe sikumwandika.

Nimeifikiria sana sababu yangu, maana wewe utaiuliza. Sikumpenda Zuhura kuliko yeye. Nilimpunguzia mama yako kwa sababu nilijua hatanipungukia. Na nikitazama nyuma, si siku ile tu. Ulipopata zawadi ya kusoma darasa la saba, nilikwenda kumpimia bwana harusi mmoja suti kwa sababu yeye angekasirika na wewe usingekasirika. Nikasema Rehema ataelewa. Ulielewa. Ulirudi na cheti ukakibandika mwenyewe kwenye friji, na sumaku ikakataa, ukatumia gundi yangu. Watu wagumu wamekula muda wangu mwingi. Nyinyi mliokuwa laini niliwaachia kilichobaki, nikakiita imani.

Sikuandikii hili liwe fundisho. Huko utawasoma watu waliogawa kura za nchi nzima, na watakuwa na hesabu nzuri kuliko za fundi cherehani. Ila ukikuta kwenye karatasi jina la mgombea aliyeanguka kwa sababu kila mtu alimwona yuko salama, ujue huyo alikuwa na nyumba aliyorudi jioni ile, na huenda mtu wa kwanza kumwona yuko salama alikuwa humo.

Leo baada ya adhuhuri nilimpigia Zuhura. Nilitaka ajue kabla yako.

"Shemeji," nikamwambia, "nataka kumwambia mtoto ukweli wa lile sinia."

Nilimsikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Sinia lako, shemeji?"

"Ulijua?"

"Nilijua palepale. Wale kina mama niliwaona wakiandika, mmoja mmoja. Wanawake walitimia. Nani amebaki?"

"Mbona hukumwambia Salma?"

"Nimwambie nini? Mumeo hakukuandika? Nivunje nyumba ya Salma kwa sababu ya kiti?" Akacheka kidogo, si kicheko. "Nilisema atakuja kujua mwenyewe, halafu tutasukana. Sikujua kwamba siku zenyewe ni chache."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Kwangu umechelewa lakini nimepokea. Mtoto mwambie. Ila usimwambie ili aje kwangu, shemeji. Usimpeleke mtu kwa mtu kama unagawa masinia. Mwambie kwa sababu ni jambo la mama yake."

Kwa hiyo sikuombi uende kwake wala usiende. Chumba ulichokipata ni chako, na miguu ni yako. Ninachotaka ni kwamba hasira uliyoibeba miaka yote hii imfikie mwenyewe. Mwenyewe ni mimi. Ulimzuia mlangoni mwanamke aliyemwandika mama yako, na ulifanya hivyo kwa heshima ya mama yako, kwa habari niliyoitoa mimi. Kosa la mlango ule usilichukue nalo Durban. Liache hapa.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii kwenye begi lako, katikati ya nguo, uikute umeshafika. Nimekwisha hata kuikunja kwa ajili hiyo. Kisha nikaona kwamba ni ileile kalamu ya kwenye sinia, kuandika na kukunja na kuondoka. Sitaitia kwenye begi. Nitakupa mkononi ukiingia, nami nitakaa hapahapa mezani wakati unaisoma, na pale usipoelewa Kiswahili changu utaniuliza.

Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kuondoka bila kusema nami, nitabeba begi mpaka kituoni na nitatembea nyuma. Lakini kama una la kusema, liseme nikiwa mbele yako. Basi linaondoka kesho saa nne. Muda upo.

Baba yako